Tope la Minamata

Tukimwaga maji machafu mferejini huyaona yakienda zake, tukadhani yamekwisha. Mwezi huu twapenda kuwasimulia khabari ya bandari moja ya Japani, ili tujue yanakokwenda.

Mjini Minamata kilikuwako kiwanda cha kampuni ya Chisso. Tangu mwaka 1932 hata 1968 kiwanda hicho kilimwaga baharini maji yenye sumu ya zebaki. Bahari iliipokea sumu, wala haikuipoteza. Ilizama katika tope, ikaingia katika samaki na chaza. Paka waliokula samaki wale walirukaruka kama wenye wazimu, kisha wakafa. Watu nao walitetemeka viungo, wakapungukiwa na macho na masikio. Ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi tarehe 1 Mei 1956. La kusikitisha zaidi, wako kina mama walioonekana wazima, ilhali watoto wao walizaliwa wagonjwa, kwani sumu iliwafikia tumboni.

Kufunga bomba hakukutosha, maana tope lilibaki palepale. Kazi ya kulisafisha ilianza mwaka 1977, ikesha 1990. Sehemu ya ghuba iliyokuwa na sumu nyingi ilizungushiwa ukuta. Tope la sehemu nyingine lilinyonywa kwa mashine, taratibu, lisije likatibuka na kuenea, likatiwa ndani ya ukuta ule, na yote yakafunikwa kwa udongo safi. Tope lote, lililohamishwa na lililofunikwa mahali pake, lilikuwa yapata mita za ujazo 1,500,000, na hekta 58 za bahari zikageuka nchi kavu. Wavu uliowekwa mwaka 1974 kuwazuia samaki wa ghuba wasitoke haukuondolewa mpaka 1997.

Na hata hivyo sumu haikutoweka. Leo juu yake pana bustani, nao ukuta wapaswa kuangaliwa daima, na watu ambao hawakuwa wamezaliwa siku ilipomwagwa.

Basi, wazazi wenzetu, kabla ya kumwaga mafuta machafu ya gari au dawa ya wadudu iliyobakia, tusiulize tu, "Itatoka nyumbani mwetu?" Tuulize pia, "Itakaa wapi, na nani atakuja kuichota?" Uchafu tunaoutupa hauna pa kupotelea, huwangojea watoto wetu.