Kichujio Kikikatwa, Moshi Huenda kwa Nani?

Iko kazi moja inayofanyika mchana kweupe katika gereji nyingi za miji yetu, nayo kwa kuwa haijapewa jina baya, watu hawaihesabu kuwa ni ubaya. Motokaa ya dizeli iliyokwisha tumika miaka kumi au kumi na mitano huletwa kwa fundi ikiwa imepoteza nguvu, taa ya manjano inawaka mbele ya dereva, na mafuta yanakwisha upesi. Fundi huisoma kompyuta ya gari, hutikisa kichwa, kisha hutoa shauri lake: kichujio cha masizi kimeziba, kipya ni ghali mno, dawa ni kukitoa. Hulikata kopo la chuma lililo chini ya gari, hukibomoa kigae kilichomo ndani, huliunganisha kopo kwa kulichomelea likaonekana kama lilivyokuwa, na mwisho huibadilisha kompyuta ili isiulize tena habari za kichujio. Jioni gari hutoka likikimbia kama kijana, na mwenye gari hulipa kwa furaha.

Sisi twasema kazi hiyo haifai. Tena twapenda kueleza sababu, maana kukataza bila kueleza ilikuwa desturi ya mabwana wa zamani.

Yafaa kwanza msomaji akifahamu kitu chenyewe. Moshi wa dizeli una madhara mengi, lakini mawili ndiyo makubwa. La kwanza ni masizi, yaani chembe nyeusi za kaboni ambazo nyingi ni ndogo kuliko sehemu moja ya sabini ya upana wa unywele wa mtu. La pili ni hewa zinazoitwa oksidi za naitrojeni, ambazo hutokea joto la mwako linapokuwa kali sana. Kwa ajili ya masizi, waundaji waliweka kichujio. Kampuni ya Peugeot ya Ufaransa ndiyo iliyotangulia, mwaka 2000, kukiweka katika motokaa zilizouzwa kwa watu wote, aina ya 607. Kichujio hicho ni kigae chenye matundu mengi membamba mfano wa sega la nyuki. Kila tundu limezibwa upande mmoja, basi moshi hulazimika kupenya kuta za kigae, nayo masizi hubaki nyuma. Yakijaa, injini hulipandisha joto la moshi hata kufikia kiasi cha digrii 600 za Selsiasi, masizi yakaungua yakaisha.

Kwa ajili ya zile oksidi iko valvu inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili joto la mwako lipungue. Valvu hiyo nayo ina adui wake: kipande cha bati kilichokatwa kwa mkasi na kubanwa kati ya valvu na bomba, moshi usipite.

Sasa tumsikilize mwenye gari, kwa kuwa hana hila. Yeye husema kwamba gari lake baada ya kukatwa kichujio lina nguvu zaidi na linakunywa mafuta kidogo. Jambo hilo ni kweli, lakini ni kweli nusu. Kichujio kilichoziba huirudishia injini pumzi yake yenyewe, nayo hushindwa kufanya kazi. Kukiondoa ni sawa na kumtoa mtu kitambaa puani: hapana budi atapumua vizuri. Lakini kichujio kilicho kizima na kisafi hakiibani injini kwa kiasi cha dereva kuhisi. Kwa hiyo swali si kama gari limepata nafuu. Swali ni nini kilichokiziba kichujio, na je, kitu hicho kimeondoka?

Mara nyingi hakikuondoka. Kichujio huziba kwa sababu nozeli zinavuja na kumwaga dizeli pasipo kiasi. Au turbo imechakaa inapitisha oili. Au valvu ya kurudisha moshi imekwama kwa masizi na haifungi. Au mwenye gari ametia oili ya bei rahisi yenye majivu mengi, ilhali gari lenye kichujio lahitaji oili ya majivu machache. Na katika miji yetu iko sababu nyingine kubwa kupita hizo, nayo ni foleni. Gari litokalo Mbezi asubuhi likatambaa hadi Kariakoo, likasimama, likarudi jioni kwa mwendo ule ule, halipati hata siku moja joto la kutosha kuyachoma masizi yake. Injini hujaribu, huzimwa kabla haijamaliza, hujaribu tena kesho. Katika magari mengi kila jaribio huongeza dizeli ndani ya silinda ili kupandisha joto, na dizeli isiyoungua huteremka taratibu ikachanganyika na oili. Dereva achomoe kijiti cha kupimia oili. Akiona oili imepanda badala ya kushuka, na ajue kwamba si baraka: ni dizeli imo ndani yake, nayo inazila bearingi.

Fundi aliyekata kichujio hakuitengeneza nozeli wala turbo. Amemnyamazisha shahidi tu. Gari litaendelea kuharibika, ila sasa halina taa ya kusema, na masizi yale yote yaliyokuwa yakikamatwa yatatoka nje.

Nje kuna nani? Hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa la mwenye gari peke yake. Mwenye gari amefunga vioo, na mtambo wa kupoza hewa unavuma. Aliye nje ni askari wa usalama barabarani aliyesimama saa nane katikati ya njia panda. Ni mama lishe aliyeweka sufuria yake hatua tatu kutoka lami. Ni machinga, ni kondakta aning'iniaye mlangoni mwa daladala, ni kijana wa bodaboda ambaye pua yake iko sawa na bomba la gari lililo mbele yake. Ni mtoto wa shule angojaye basi. Hao wote hawakuulizwa gari lilipopelekwa gereji.

Tena madhara ya moshi huo si ya kubahatisha. Mwezi wa Juni 1, 2012 ulikuwa bado mashaka kwa wengine. Siku ya 12 ya mwezi huo huo shirika la uchunguzi wa kansa lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lenye makao yake Lyon, liliuweka moshi wa dizeli katika daraja la kwanza la vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu, daraja moja na tumbaku. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kipimo chake cha chembe ndogo hewani kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Chembe hizo hazikomi kooni; huingia ndani kabisa mwa mapafu, na zilizo ndogo zaidi hupenya katika damu na kuudhuru moyo.

Wala tusimsahau fundi mwenyewe. Anapokibomoa kigae kwa nyundo na patasi, vumbi la masizi humrukia usoni, pamoja na nyuzi za ule mkeka wa kuzuia joto unaokizunguka kigae. Ni wangapi wanaovaa kitambaa kinachostahili? Mfanyakazi huyu apata fedha ya siku moja kwa kazi ambayo mapafu yake yatailipia baadaye, na hakuna tajiri wa kumtibu.

Wako watakaosema kwamba Wazungu nao wameghushi. Ni kweli. Mwezi wa Septemba 2015 ilifichuka kwamba Volkswagen ya Ujerumani ilitia katika kompyuta za magari ya dizeli kiasi cha milioni 11 programu ya kutambua gari linapopimwa. Likiwa katika kipimo lilitoa moshi wa halali. Likirudi barabarani huko Marekani, baadhi yake yalitoa oksidi za naitrojeni mara 40 ya kiasi kilichoruhusiwa. Mkuu wa kampuni alijiuzulu mwezi ule ule, na mabilioni ya dola yakalipwa. Lakini mfano huo hautusaidii kujitetea. Unatuonyesha kwamba kuidanganya kompyuta ya gari ni kosa lile lile, likifanywa na kampuni kubwa au likifanywa chini ya mwembe.

Huko Uingereza, tangu Februari 2014, gari lililoundwa na kichujio likionekana halina, hushindwa ukaguzi wa mwaka papo hapo. Matokeo yake hayakuwa Waingereza kuacha kuendesha magari ya zamani, bali mafundi kujifunza kusafisha vichujio.

Na kusafisha kunawezekana kwetu pia. Gari ambalo taa imewaka mara ya kwanza lipelekwe njia kuu, tuseme upande wa Chalinze, likaendeshwe nusu saa kwa mwendo ulio sawa bila kusimama. Mara nyingi taa itazimika. Isipozimika, fundi mwenye kompyuta anaweza kuiamuru injini iyachome masizi likiwa limesimama mahali pa wazi, mbali na majani makavu. Ikishindikana, kichujio hufunguliwa kizima, kikaokwa katika tanuri na kupulizwa kwa hewa, majivu yakatoka. Valvu ya kurudisha moshi nayo hufunguliwa ikasafishwa, badala ya kuzibwa bati. Zamani mtu aliweza kulalamika kwamba mafuta yetu hayafai kwa vyombo hivyo, kwa sababu ya salfa nyingi. Lakini tangu Januari 2015 Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zimeshika kipimo cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Hoja hiyo imekwisha, maadamu kituo hakichanganyi mafuta ya taa.

Magari makuukuu zaidi, kama vile Land Cruiser na Hiace nyingi za zamani, hayakuwa na kichujio tangu kiwandani, na mwenye nalo hana cha kukata. Huyo tunamtaka apime nozeli na pampu, abadilishe chujio la hewa, wala asiizidishe pampu mafuta ili gari lipande mlima kwa kishindo. Moshi mweusi ni dizeli aliyoinunua kwa fedha yake ikitoka bila kufanya kazi.

Upo upande wa serikali pia. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba Ulaya, Japani na Marekani ziliuza nje magari madogo milioni 14 yaliyotumika kati ya 2015 na 2018, na zaidi ya nusu ya yale yaliyokwenda nchi zisizo tajiri yaliletwa Afrika. Gari lifikapo bandarini pasipo kichujio lililoundwa nacho, ni haki lihesabiwe kuwa gari bovu, kama lile lisilo na breki. Ukaguzi wa barabarani usiishie kwenye taa, tairi na kizima moto. Kipimo cha moshi kinachoingizwa katika bomba si chombo cha ajabu, na gari lililotobolewa kichujio huweza kujitangaza lenyewe hapo. Ushuru wa vichujio vipya na wa mitambo ya kuvisafishia upunguzwe, maana ni vigumu kumlaumu mwenye teksi kwa kukataa kifaa ambacho bei yake yakaribia ya injini kuukuu. Vyuo vya VETA vifundishe kazi hiyo, ili kijana wa gereji awe na ujuzi wa kuuza badala ya nyundo. Na ukaguzi huo uanze na magari ya serikali na mashirika ya umma, ambayo mengi ni ya dizeli, nayo yana idara za kuyatunza na fungu la fedha kila mwaka.