Mgao wa umeme wa 2004 uliisha Kigali, bei yake ikabaki

KIGALI — Mfanyabiashara anayeagiza milango ya chuma Gakinjiro, kule kwa mafundi wa Gisozi, hulipia chuma, rangi na kazi ya mikono. Umeme ukikatika hulipia pia petroli ya jenereta ya fundi, au siku ya ziada ya lori lililoegeshwa likisubiri mzigo. Gharama hiyo haiandikwi kwenye risiti, lakini imo.

Hesabu yake si ngumu. Kwa bei zilizoanza Januari 2020, biashara ndogo ilitozwa faranga 255 kwa kila uniti iliyozidi 100 kwa mwezi, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Lita ya petroli wakati huo ilipita faranga 1,000, na jenereta ndogo hutoa uniti mbili hivi kwa lita. Uniti ya jenereta basi haikupungua faranga 500, bado oili, matengenezo na bei ya mashine yenyewe.

Na huyo ana nafuu, kwa sababu jenereta anayo. Muuza samaki au maziwa asiye nayo hushusha bei kabla ya jua kutua ili mali isimwozee. Nyumbani hasara huja mara mbili: chakula huharibika umeme ukiwa umekatika, kisha ukirudi kwa nguvu kupita kiasi huunguza friji.

Rwanda inalijua jambo hili kwa gharama kubwa zaidi. Mwaka 2004 nchi iliingia kwenye mgao mkali, na chanzo chake kilikuwa kaskazini, mbali na jiji. Kinamasi cha Rugezi hulisha ziwa Bulera. Maji ya Bulera huendesha mitambo ya Ntaruka na kuingia ziwa Ruhondo. Ya Ruhondo huendesha Mukungwa. Mnyororo ni mmoja. Rugezi ilikuwa imekaushwa sehemu kwa ajili ya kilimo, mvua zikapungua, na mitambo ikaendelea kuvuta maji kuliko yaliyoingia. Ziwa liliposhuka, Kigali ikakosa umeme.

Serikali ilikodi majenereta ya dizeli. Rwanda haina bandari ya bahari, kwa hiyo mafuta hayo yalisafirishwa kwa barabara zilezile za kutoka Mombasa na Dar es Salaam ambazo wafanyabiashara hupitishia saruji na mchele. Electrogaz, shirika la umma lililouza umeme na maji, lilikuwa likitoza faranga 42 kwa uniti. Kufikia 2006 bei ilikuwa 112. Wakulima waliondolewa Rugezi, mvua zikanyesha, ziwa likajaa tena. Bei haikushuka; mwaka 2012 ilipandishwa hadi 134.

Hapo ndipo hesabu za wengi hukosewa. Saa za giza huhesabiwa siku ileile, lakini gharama ya kuziba pengo kwa dharura huingia kwenye bei ya uniti na kukaa humo miaka, ikilipwa hata na aliyefungua duka baada ya mgao kusahaulika.

Tangu wakati huo vyanzo vimeongezeka. Nyabarongo ilianza 2014 ikiwa na megawati 28, na mtambo wa gesi ya ziwa Kivu, KivuWatt, wenye megawati 26, ulizinduliwa 2016. Gesi hiyo haingoji mvua, na pengine hiyo ndiyo thamani yake kubwa kuliko megawati zenyewe.

Vyanzo vingine ni vya pamoja. Rusumo, mpakani na Tanzania, ina megawati 80 zinazogawanywa kati ya Rwanda, Burundi na Tanzania. Ruzizi II, iliyoanza 1989, inahudumia Rwanda, Burundi na Kongo. Kwa mfanyabiashara hii ni faida yenye masharti: nchi moja ikipungukiwa inaweza kununua kwa jirani, lakini ukame haukaguliwi pasipoti. Mwaka 2006 Uganda nayo ilikuwa kwenye mgao, ziwa Victoria likiwa limeshuka, ikiendesha majenereta ya dizeli kama Rwanda.

Ruzizi III, mradi wa megawati 206 kwenye mto uleule, umejadiliwa na Rwanda, Burundi na Kongo kwa miaka mingi. Mto upo na michoro ipo. Kinachohitajika ni serikali tatu kuelewana kwa muda unaotosha kujenga bwawa.