MAMA, WEKA BISIBISI CHINI (uzi wa oveni, sehemu ya 1 mpaka 6)

1/6

Nimetoka zamu, miguu imevimba, lakini silali mpaka niyatoe haya.

Wiki hii nimetumiwa video ileile na watu wanne. Kijana kaigeuza oveni mgongo, bisibisi mkononi, anasema oveni ikiwa inakata breka usihangaike na fundi, kata waya wa kijani na njano, kazi imeisha. Chini wamama wanamshukuru. "Umeniokolea hela kaka." Mioyo imejaa.

Hapana. Narudia, HAPANA.

Najua mtaniuliza, wewe nesi, umeme unakuhusu nini? Kweli, mimi nina stashahada ya uuguzi, sina cheti cha umeme. Lakini fundi anajua umeme unakoanzia, mimi najua unakoishia. Unaishia kwetu mapokezi, saa tano usiku, mama kabebwa na majirani, mtoto analia nyuma hana viatu.

2/6

Nitawapa kisa kimoja. Mambo kadhaa nimeyabadilisha ili mhusika asijulikane, ila kiini ni hichohicho.

Ni mama wa keki, kama wengi wenu humu. Oveni yake ilikaa miezi bila kuwashwa, msimu wa oda ukafika, kila akiwasha breka inajikata. Shemeji yake akasema hilo dogo. Akafungua nyuma, akakata ule waya, akafunga. Oveni ikawaka! Wakapika keki, wakacheka, fundi akaonekana mwizi tu.

Ikapita kama wiki tatu. Siku hiyo alikuwa anadeki jikoni, pekupeku, sakafu ya vigae imelowa. Akashika mpini wa oveni aangalie keki. Mkono ukang'ang'ania. Hakuweza kuachia, hakuweza kupiga kelele. Mtoto wake mdogo akaanza kumkimbilia mama yake.

Aliyeokoa ile familia ni dada wa kazi, binti wa miaka 19. Alimdaka mtoto kwa mkono mmoja, akakimbilia meni swichi, akashusha. Hakumgusa bosi wake kabla umeme haujakatika. Angemgusa, tungepokea wawili.

Yule mama alipona. Vidole viwili vina makovu, na usiku mzima tulikuwa tunaangalia moyo wake kwenye mashine. Asubuhi akaniuliza, "Nesi, si ilikuwa imeshatengenezwa?"

Dada yangu, haikutengenezwa. Ilinyamazishwa.

3/6

Sasa someni hapa taratibu, maana ndipo video inapodanganya.

Ndani ya ile koili ya oveni kuna waya unaopata moto, na umezungukwa na unga mweupe unaouzuia umeme usiguse chuma cha nje. Unga huo unavuta unyevu. Oveni ikikaa muda mrefu bila kutumika, hasa sisi wa Pwani, au koili ikipata ufa, umeme unaanza kuvuja kwenda kwenye bodi.

Waya wa kijani na njano ndio ethi. Kazi yake ni kuuchukua huo umeme uliovuja na kuupeleka ardhini. Na ile breka ambayo mafundi huiita RCD, kama nyumba yako inayo, inahisi uvujaji huo na kukata. Kwa hiyo breka ikijikata haikusumbui, inakuambia kuna umeme umetoka njiani.

Ukikata ethi, umeme haujaacha kuvuja. Umekosa tu pa kwenda. Unakaa kwenye bodi, kwenye mpini, unasubiri mtu mwenye miguu mibichi awe njia. Wewe ndiye unakuwa waya wa kijani!

Hesabu ndogo. Oveni ya wati 2000 kwenye umeme wetu wa volti 230 inavuta karibu ampia 9, yaani miliampia 9,000. RCD ya nyumbani kwa kawaida imewekwa ikate kwenye miliampia 30, kwa sababu zaidi ya hapo moyo wa binadamu uko hatarini. Breka ya kawaida ya ampia 20 haiwezi kuuona umeme mdogo kiasi hicho. Ile inalinda nyaya za ukutani zisiungue. Haikulindi wewe.

Na wewe uliyenunua oveni yenye plagi ya pini mbili za duara, unachokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili iingie, nakuona. Tundu la juu ndilo la ethi. Oveni yako haina ethi tangu siku ya kwanza, na hata video hukuihitaji.

4/6

Msije mkadhani najitoa. Mwaka juzi mimi mwenyewe, na unesi wangu, nilifungua oveni yangu. Koili ya chini ilikufa, fundi akataka elfu 35, nikaona ananiibia. Nikanunua koili, nikaunganisha kwa kipande cha waya wa kawaida nilichokikuta ndani, nikazungushia selotepu ya umeme. Nikajipongeza.

Siku ya pili nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikachomoa. Waya umeyeyuka, selotepu imekuwa uji mweusi.

Fundi alinicheka, kisha akanielewesha. Waya wa kawaida wa nyumbani umevikwa plastiki inayovumilia joto la nyuzi 70 hivi. Nyuma ya oveni joto linapita hapo. Nyaya za ndani ya oveni zinavikwa kitu kingine kinachostahimili moto. Kwa macho zinafanana, ndiyo maana nikasema waya ni waya.

Na kosa la pili. Nilizima swichi ya soketi tu, sikuchomoa plagi. Swichi ile inakata waya mmoja. Kama aliyefunga soketi alizigeuza nyaya, na wapo wanaozigeuza, swichi imezimwa na koili bado ina umeme. Mimi nilikuwa na bahati. Sitaki uishi kwa bahati yangu.

Ile elfu 35 niliilipa baadaye, na waya mpya juu yake. Rahisi ghali.

5/6

"Kwa hiyo nesi unataka tulipe fundi kila kitu?" Sijasema hivyo. Hela ni ngumu, naijua. Yapo unayoweza kufanya mwenyewe, oveni ikiwa IMECHOMOLEWA na imepoa:

- Kusafisha mafuta na makombo. Hayo mafuta ndiyo yanashika moto.
- Kubadilisha raba ya mlango iliyochakaa. Oveni isiyoivisha vizuri mara nyingine ni joto linatoroka mlangoni tu.
- Kubadilisha taa ya ndani, kwa taa ya oveni, si taa ya sebuleni.
- Kubadilisha fyuzi ya plagi kwa fyuzi yenye namba ileile. Siyo kipande cha waya, siyo karatasi ya sigara.
- Kuangalia kama waya wa nje umechubuka. Umechubuka? Usiuwashe.
- Kuiondoa oveni kwenye ile kebo nyembamba ya kuongezea inayobeba pia friji na chaja. Wati 2000 ni sawa na taa 200 za wati 10. Ungezitundika 200 kwenye kikebo kile?

Koili, themostati, nyaya za ndani, na chochote kinachokata breka ni vya fundi. Kikipigwa skrubu nyuma, si chako.

Mtasema mafundi wenyewe makanjanja. Wapo, sikatai. Ndiyo maana umpime. Akimaliza mwambie hivi: "Fundi, naomba unionyeshe ethi." Oveni ikiwa imechomolewa, anagusisha mita kwenye ile pini ndefu ya plagi na kwenye chuma cha bodi ya oveni. Mita ionyeshe kwamba vimeungana, karibu na sifuri. Asipokuwa na mita, au akikuambia ethi haina umuhimu, mlipe nauli aende.

Na baba mwenye nyumba naye ana zamu yake. Soketi ina matundu matatu lakini nyuma ya ukuta hakuna ethi, na kodi unachukua ya miezi sita. Wapangaji, muulizeni kabla hamjalipa. Tunauliza maji yanatoka siku ngapi, na ethi tuiulize.

Halafu tuache ule msemo wa "ajali haina kinga". Nimeusikia wodini mpaka nimeuchoka. Hii ajali kinga inayo. Ina rangi ya kijani na njano, na kuna mtu kaikata kwa makusudi.

6/6

Ikiwa imeshatokea, shika haya.

Mtu kanaswa na umeme: USIMGUSE. Shusha meni swichi. Kama huwezi kuifikia, simama pakavu, msukume atoke kwa kitu kikavu kisicho chuma, kama fimbo ya ufagio wa mti.

Akishaachia, mwangalie. Haitikii na hapumui vizuri? Piga kelele ya msaada, mlaze chali pagumu, weka viganja katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na haraka, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Usiache mpaka msaada ufike au aanze kupumua.

Ameungua: maji safi ya bomba yanayotiririka, dakika 20, na pete na bangili zitoke mapema. Dawa ya meno, yai, unga, mafuta ya kupikia, barafu, vyote viache jikoni. Tunavisugua kutoka kwenye vidonda huku mtoto anapiga mayowe, na inatuuma sisi pia.

Aliyepigwa shoti aje hospitali hata kama anasema yuko sawa. Umeme unaingia kwa kidoti kidogo kwenye kidole, ndani unaunguza misuli na unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mjamzito asisubiri hata kidogo, mtoto tumboni apimwe.

Oveni inawaka moto: usifungue mlango. Kata umeme, usimwage maji, toa watoto nje, piga 114 Zimamoto.

Kazi ya nyumbani, usiku huu kabla hujalala. Mchukue dada wa kazi, mchukue na mtoto wako mkubwa, wapeleke kwenye meni swichi, waishushe wao wenyewe kwa mikono yao. Siyo kuwaambia, waishushe. Yule binti wa miaka 19 nilimuuliza nani alimfundisha. Akasema bosi wake mwenyewe, siku ya kwanza alipofika, alimwonyesha kwa sababu LUKU ilikuwa imeisha na ilibidi amwonyeshe mita ilipo. Dakika mbili tu. Dakika hizo mbili zilimrudishia uhai wake.

Kama ethi ya oveni yako ilishakatwa, ichomoe sasa hivi, usingoje asubuhi. Oda ya keki mwambie mteja ukweli, atakuelewa. Asipokuelewa, mtumie uzi huu.

Nalala. Maswali niachieni hapa chini, nitajibu nikiamka. Na yule aliyenitumia video ya kwanza, dada yangu, nimekujibu inboksi ukanyamaza. Niambie tu kama umechomoa.