Msizipake rangi upya

Ndugu mwandishi, nakubaliana nawe karibu kote, isipokuwa pale unaposema msanii akizikuta picha zake za zamani azirekebishe kwanza ndipo azioneshe. Hapana. Nina picha za Mlima Kilimanjaro nilizochora ujanani kutoka upande wa Moshi, rangi ya mafuta ya kupakia milango juu ya hadibodi, kwa mtindo wa mafundi wa Tingatinga. Nyeupe imegeuka manjano kwa kukaa gizani stoo. (Ziwekeni penye mwanga kiasi, umanjano hupungua wenyewe.) Miti yake ni ya kijana mwenye haraka ya kumuuzia mtalii, sibishi.

Lakini ile barafu! Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na hata niliyoichora mimi leo huioni yote. Nikiipaka upya kwa macho ya sasa, nafuta ushahidi. Mchoraji Mwingereza John Constable, alipochora mawingu ya Hampstead, London, mwaka 1821 na 1822, aliandika nyuma ya michoro mingi tarehe, saa na upepo unakotoka. Ndiyo maana watafiti wa hali ya hewa wameweza kuilinganisha na kumbukumbu za siku zile.

Anayetaka kusahihisha achukue ubao mpya, asimame palepale, achore tena. Ule wa zamani aandike nyuma kwa penseli: mahali, mwezi, saa. Mnunuzi wangu wa mwisho aligeuza ubao kwanza, bei akauliza baadaye.