Mwepu alijua sheria

Tarehe 22 Juni 1974, mu Kombe la Dunia kule Ujerumani, Brazil walipewa mpira wa kosa karibu na goli la Zaire. Mbele waupige, Mwepu Ilunga akatoka mu ukuta, akaupiga mbali. Watangazaji wa Ulaya wakacheka: Waafrika hawajui sheria! Kicheko hiki kimerudiwa miaka na miaka. Kumbe Mwepu mwenyewe alisema kama sheria aliijua vizuri. Wachezaji hawakulipwa pesa yao, na kisha kupigwa 9-0 na Yugoslavia, watu wa Mobutu waliwatisha. Hayo nani aliuliza?

Tarehe 7 Februari 2024, ku Abidjan, Léopards hawakungojea mtangazaji awasemee. Wakati wa wimbo wa taifa: mkono mmoja ku kinywa, vidole viwili vya mkono mwingine ku kichwa sawa bunduki. Juu ya vita yetu ya huku Mashariki. Côte d'Ivoire walitupiga 1-0, lakini ile picha ndiyo ilizunguka dunia.

Sasa ninyi waandishi wa michezo wa Bukavu: timu yetu ikipigwa, msituambie tu kama wachezaji ni wavivu. Muulize kwanza kama walilipwa, na kama walikula.