Ngomeni Lamu, na Kiti cha Babu

Juzi nilikuwa Lamu kwa shughuli ya arusi, na baada ya sala ya Alasiri nikapata nafasi ya kuingia Ngomeni. Sisi wa umri wangu mlango ule bado twauingia kwa wasiwasi kidogo. Jengo lilianza kujengwa mnamo 1813, likamalizika 1821, na baadaye kwa miaka mingi likawa jela. Utotoni mwangu tulipopita Mkunguni tulikaza mwendo. Jela ilihamishwa 1984, ngome ikakabidhiwa idara ya makumbusho ya taifa, na leo ndani mna maktaba, mna uwanda wa shughuli za mji, na mna vyumba ambamo wasanii hutundika kazi zao.

Siku ile zamu ilikuwa ya vijana wa mji. Niliona majahazi, tena mengi kuliko yaliyobaki baharini. Niliona jua likitua, punda, na kina mama wa mabuibui vichochoroni. Mikono ya vijana hawa ni mizuri, hilo silikatai. Ila nilijiuliza: picha hizi zazungumza na nani? Mzaliwa wa Langoni au Mkomani hahitaji kuambiwa kwamba kuna punda. Hii ni Lamu iliyochorwa kwa jicho la mgeni, ipate kuingia katika mkoba wake na kwenda zake.

Siwalaumu. Mchoraji naye ana watoto wangojao unga. Mji ulipoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 wageni waliujua zaidi, na tangu 2011 Shela imekuwa na tamasha la wachoraji liletalo mafundi wa brashi kutoka Ulaya, na vijana wetu wamepata kujifunza kwao. Hiyo ni kheri. Lakini sanaa yenye mnunuzi wa namna moja ni kama jahazi lenye kamba moja ya nanga. Mwaka 2014, baada ya mauaji ya Mpeketoni na amri ya kutotoka nje usiku, wageni walikatika. Mwaka 2020 korona ikawakata tena. Aliyekuwa akichora kwa ajili yao tu aliachwa na rangi zikikauka.

Mzee mmoja niliyeketi naye barazani jioni ile alikuwa na lake jingine. "Sheikh, picha za viumbe katika mji wa maulamaa?" Suala hilo lina wenyewe, nao wamehitilafiana tangu zamani, mimi si wa kutoa fatwa gazetini. Nilimkumbusha tu kwamba wino na rangi havikuletwa kwetu na watalii. Siyu, ng'ambo kisiwani Pate, makarani wa karne ya 19 waliandika misahafu na kuipamba kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, kwa nakshi ambazo ukizitazama wakumbuka milango yetu. Karani yule hakuwa akimfanyia mpita njia. Kazi yake ilisomwa na mtu wa mtaa wake, na ikikosewa, ilikosolewa na mtu wa mtaa wake.

Na mafundi wa namna hiyo hawajesha. Mwaka 2018, hapo hapo kisiwani Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walishua jahazi la mita 9 lililoundwa kwa takataka za plastiki, kiasi cha tani 10, likavikwa kandambili 30,000 zilizookotwa pwani. Mwaka uliofuata likasafiri hadi Unguja. Wazungu walilishangaa, ndiyo, lakini jambo lililosemwa na jahazi lile ni letu: uchafu ule watupwa na bahari yetu juu ya mchanga wetu.

Sasa nirudi Ngomeni. Pembeni, karibu na dirisha, kulikuwa na picha moja isiyokuwa na mnunuzi mbele yake. Kiti cha enzi, kitupu, katikati ya chumba. Nilisimama. Mchoraji, kijana wa miaka kama ishirini, akanisogelea kwa adabu.

"Umekiona wapi, mwanangu?"

"Katika kitabu cha Kizungu, Ami."

"Chenyewe hujakiona?"

"Hata kimoja."

Kiti cha babu yangu kilitoka nyumbani mwaka 1978. Nilikuwa na miaka minane. Mpingo mweusi, vipande vya pembe vimetiwa mgongoni, na pale pa kuegemea pamesukwa nyuzi. Hakikaliwi ila na mgeni wa heshima. Mama alikuwa mgonjwa, yatakiwa nauli ya Mombasa na pesa za dawa, na mtu mmoja alikuwa akizunguka mitaani akinunua vitu vya kale. Baba alihesabu zile noti mara mbili. Hamali akakibeba kiti kichwani hadi bandarini, miguu juu, nasi watoto tukamfuata. Sheria kali ya vitu vya kale ilipitishwa 1983, na mji mkongwe ukatangazwa kuhifadhiwa 1986. Kwetu ilikuwa imekwisha kuchelewa.

Ndiyo maana nasema vyumba vile vya Ngomeni visiachiwe majahazi na machweo peke yake. Familia iliyobakiwa na sinia, kiti au msahafu ikiazime hata kwa mwezi mmoja, jina la nyumba liandikwe, na mchongaji aketishwe hapo hapo na patasi yake. Walimu wa madrasa nao wawalete watoto.

Nilimwambia yule kijana anifuate. Jumba la makumbusho, lililofunguliwa 1971, liko pale mbele ya bahari, hatua chache tu, naye alidhani ni la watalii. Tulipofika kwenye kiti alichuchumaa, akafuatisha msuko kwa kidole hewani bila kugusa.

"Ami, nimekosea. Nyuzi hazipiti vile."

Akaniomba kalamu. Karatasi sikuwa nayo ila kadi ya arusi; akaipindua, akaanza kuchora upande wa nyuma, na alikuwa hajamaliza mgongo wa kiti walipotujia kutuambia kwamba wanafunga.