Kipimo cha Moyo kwa Mwenye Mfuko Mdogo

Katika bidhaa zinazotandazwa siku hizi juu ya meza za wauza simu wa Kariakoo, ni chache zenye madai makubwa kuliko saa ya mkononi ya bei rahisi yenye kioo cheusi, ambayo muuzaji huinadi kuwa yahesabu hatua, yapima usingizi, yasoma shinikizo la damu, yajua sukari iliyomo mwilini na, kwa ihsani ya ziada, yaeleza mapigo ya moyo wa mvaaji wakati wa mazoezi. Rai yangu ni kwamba mtu mwenye fedha chache, atakaye kujua mwendo wa moyo wake akimbiapo au aendeshapo baiskeli, aipite meza hiyo. Na akiba yake, ikiwa hapana budi itumike, itumike kwa mkanda wa kifuani, kitu kisicho na kioo wala urembo, kifanyacho kazi moja tu.

Kabla ya mkanda, hata hivyo, kuna vidole, navyo havina bei. Mtu akiweka ncha za kidole cha shahada na cha kati juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, akahesabu mapigo kwa sekunde 15 na kuzidisha hesabu yake kwa nne, atapata jawabu la kuaminika. Ibn Sina na matabibu wengine wa kale walisoma maradhi kwa njia hiyohiyo, na mwaka 1707 tabibu wa Kiingereza, John Floyer, alitangaza kitabu juu ya saa aliyoitengenezesha mahsusi kwa kuhesabia mapigo ya dakika moja. Asubuhi kabla ya kuinuka kitandani hapana kipimo bora kuliko hiki. Kasoro yake ni kuwa mkimbiaji hana budi kusimama ili ahesabu, na moyo, mara mwili usimamapo, huanza kupunguza mwendo. Hivyo aliye katikati ya mbio, akitaka habari za papo hapo, huhitaji chombo.

Saa ya mkononi haisikii moyo. Humulika ngozi kwa nuru ya kijani, ikapima kiasi cha nuru kinachorejea. Na kwa kuwa damu huifyonza nuru hiyo, na damu huongezeka katika vishipa kila moyo upigapo, saa hukisia mapigo kutokana na kupungua na kuzidi kwa nuru. Hesabu hiyo ni ya werevu, na kwa mtu aliyeketi aghalabu husihi. Lakini mkono unapotikisika, ukanda unapolegea, au chale za wino zinapoziba ngozi, nuru huvurugika. Na rangi nyeusi ya ngozi nayo hufyonza sehemu ya nuru ya kijani, jambo ambalo watafiti wangali wakikhitilafiana juu ya ukubwa wa athari yake, ila mnunuzi wa Kiafrika ana haki ya kulijua kabla ya kutoa fedha. Baya zaidi ni kwamba saa, ikiwa imepotewa na mapigo, huweza kushika mtikisiko wa hatua badala yake: mkimbiaji mwenye hatua 170 kwa dakika huona 170 kiooni, naye akaamini kuwa moyo wake unapasuka, ilhali amehesabiwa miguu. Saa za thamani kubwa zimepunguza sana aibu hiyo. Lakini mfuko mdogo hauzifikii.

Atakaye kuijaribu saa iliyo juu ya meza ya muuzaji na aizungushe nguo iwe mkunjo mmoja mnene, aifunge saa juu yake kama juu ya mkono, kisha asubiri. Baadhi ya hizo huweza kutangaza mapigo ya nguo, sabini na kitu kwa dakika, bila ya haya. Ama zile zidaizo kupima sukari pasipo kutoboa ngozi, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya mwezi wa Februari 2024 kwamba haijaidhinisha hata moja; na mgonjwa wa kisukari aziaminiye huhatarisha uhai.

Mkanda wa kifuani hufuata njia nyingine. Vipande viwili vya mpira vilivyo ndani yake hugusa ngozi chini ya matiti na kunasa umeme wenyewe utokao moyoni, kisha kidude kilichobanwa katikati hupeleka habari kwenye simu kwa njia ya Bluetooth. Kampuni ya Polar, iliyoanzishwa mwaka 1977 karibu na mji wa Oulu nchini Finland, ilitoa chombo cha namna hii kisicho na waya mwaka 1982, na msingi wake haujabadilika. Leo ipo mikanda ya Kichina, kama ya Coospo na Magene, ipatikanayo kwa takriban dola 30, nusu au theluthi ya bei ya ile ya Polar. Nayo kwa kazi ya kuhesabu mapigo yatosha. Lau muuzaji angeisifu kwa ukweli, angesema pia kuwa hubana kidogo, kuwa ni lazima vile vipande vilowanishwe kwa maji kabla ya kuvaa, ama sivyo dakika za mwanzo zitaleta hesabu za kichekesho, na kuwa mkanda usiofuliwa jasho huoza upesi.

Namba ikishapatikana, isiabudiwe. Kanuni ya kutoa umri katika 220 humpa mwenye miaka 60 upeo wa mapigo 160. Kanuni ya mtafiti Tanaka na wenziwe ya mwaka 2001, 208 kutoa asilimia 70 ya umri, humpa 166. Na moyo wake yeye mwenyewe waweza kuzipita zote mbili au kuzipungukia kwa mapigo kumi na zaidi. Anywaye atenolol kwa ajili ya shinikizo la damu asizitumie kabisa, kwani dawa hiyo huyazuia mapigo ya moyo kupanda. Amuulize daktari wake, au apime kwa maneno: akiweza kuzungumza lakini asiweze kuimba, kasi yake ni ya wastani.

Aendapo kununua, achukue simu yake yenye programu ya mazoezi, aombe maji kidogo, auvae mkanda palepale dukani na alinganishe namba ya simu na ya vidole vyake. Muuzaji akikataa, duka la jirani li wazi.